Bwanga Ikaguliwe Mshono

Juzi nimesikia tena bwanga iliyopinda, ile suruali ya miguu mipana, ikisifiwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Dada kaivaa, wenzake wanashangilia, "imekukaa!", na mshono wa nje wa mguu wa kulia umeshahamia mbele ya goti. Hakuna aliyeuona. Watu wanatazama upana na rangi. Kitambaa kikipepea, hela inatoka.

Kupanua mguu si ufundi, mwenye mkasi yeyote atapanua. Ufundi uko kwenye uzi. Mguu wa bwanga unakatwa kwa kufuata uzi wa urefu wa kitambaa, katikati kabisa, kutoka kiunoni hadi chini. Suruali ya kubana ikikatwa mshazari kidogo, paja linaishikilia na kosa linajificha. Bwanga haina wa kuishikilia. Kuanzia nyongani inaning'inia yenyewe, na iliyokatwa mshazari itajizungusha, hasa ikishafuliwa.

Mafundi wezi wanaibia hapohapo. Mteja kaleta krepu ya kutosha, fundi analaza vipande upande upande ili vibanane, kimoja kichwa juu kingine kichwa chini, na kinachobaki kinashonewa blauzi ya mtu mwingine. Kitambaa kikiwa na mng'ao, mguu mmoja utaonekana umekolea kuliko mwenzake. Mteja ataambiwa ni taa za dukani.

Kwa hiyo kabla ya kuijaribu, ishike kiunoni, linganisha mshono wa ndani na wa nje, iache ining'inie. Mishono ikilala pamoja hadi chini, endelea. Ikiachana gotini, irudishe kwenye henga.

Palikuwa na fundi mzee kibarazani Mtaa wa Narung'ombe, hakati kitambaa siku kilipoletwa. Atakiloweka, atakianika kivulini, atakipiga pasi, kisha atachomoa uzi mmoja taratibu mpaka ubaki mstari mwembamba, ndipo alaze rula na chaki. Wateja walinung'unika kucheleweshewa. Bugaluu zake za miaka ya sabini zilipauka zikiwa bado zimenyooka.

Mengine ni mafupi. Jezi si kitambaa cha bwanga. Mpira kiunoni ni wa nguo ya kulalia. Pindo vidole vinne, maana uzito wake ndio unaovuta mguu chini. Urefu ufunike kisigino bila kufagia barabara.

Nalikasirikia jambo hili kwa sababu bwanga ni vazi la heshima na madaha kwa pamoja. Hapahapa Kariakoo, Oktoba 1968, wanawake walishambuliwa kwa ajili ya minisketi na nguo za kubana, hata kabla Operesheni Vijana, kampeni ya TANU dhidi ya mavazi hayo, haijaanza Januari 1969. Leo binti anashuka mwendokasi kituo cha Msimbazi na bwanga yake, anatembea kwa nafasi, na mama mtu hana neno. Vazi la namna hiyo halistahili kushonwa ovyo.

Ukikosa fundi, nenda Mchikichini kwenye mitumba. Bado zinapatikana za sufu nyepesi, zipu imekufa lakini mishono imelala. Chukua hiyo. Zipu utabadilishiwa palepale.