Mshenzi, Mdhulumiwa na Mwokozi: Kumsoma Makau Mutua katika Chuo cha Wachungaji

Mwaka 2001 Profesa Makau Mutua, mwanasheria mzaliwa wa Kenya aliyesoma pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha katika jarida la sheria la kimataifa la Harvard insha ndefu kuhusu sitiari ambayo, kwa maoni yake, inabeba utetezi wote wa haki za binadamu duniani. Mwaka uliofuata hoja hiyo iliingia katika kitabu chake cha uhakiki wa haki hizo. Imepita zaidi ya miaka ishirini, na mtu angedhani insha hiyo imekwisha kusahauliwa. Sivyo. Katika madarasa yetu ya Maadili ya Kikristo nakala zake hupita mkono kwa mkono, nyingine zikiwa zimefifia wino hata hazisomeki, na kila mwaka yuko angalau mwanafunzi mmoja anayesimama na kuuliza kama Kanisa halikosei linapotumia lugha ya haki za binadamu, ilhali lugha hiyo ni ya wageni. Swali hili lastahili jibu refu kuliko lile ninalolitoa darasani, ambalo mara nyingi ni la haraka na, nakiri, la kujihami.

Hoja ya Mutua ni hii. Utetezi wa haki za binadamu, anasema, ni kama mchezo wa kuigiza wenye wahusika watatu. Wa kwanza ni mshenzi: hapa huonekana serikali inayotesa raia wake, lakini nyuma ya serikali hiyo kuna mshenzi wa kweli, yaani utamaduni usiokuwa wa Magharibi. Wa pili ni mdhulumiwa, mtu mnyonge asiye na hatia wala uwezo, ambaye kazi yake ni kuteseka na kungoja. Wa tatu ni mwokozi: Umoja wa Mataifa, serikali za Magharibi, mashirika yasiyo ya kiserikali yenye makao New York, London au Geneva. Mutua anaongeza kwamba mchezo huu haukuanza mwaka 1948. Mmisionari aliucheza kabla ya mwanaharakati, na mtawala wa kikoloni aliucheza pamoja naye.

Wasomaji wa jarida hili hawana budi kusimama hapa kidogo. Sisi tu wana na wajukuu wa misioni. Neno «mshenzi» lilitumika kwa babu zetu, na si na wageni peke yao. Walimu wetu wa kwanza wa Kiafrika nao walilitumia kwa jirani zao ambao hawajabatizwa. Kuhusu neno «mwokozi», teolojia yetu inalo jambo la kusema ambalo Mutua, kwa kuwa ni mwanasheria, hakulisema. Jina hilo tumeliweka kwa Mmoja tu. Kila chama, serikali au shirika linalojivika jina hilo, hata kwa njia ya picha tu, Mlutheri anatakiwa kulitilia shaka. Katika hili Mutua anatufaa kuliko anavyojua.

Anatufaa pia katika mambo ya kawaida. Ni nani kati yetu ambaye hajaona kijitabu cha kuchangishia fedha chenye picha ya mtoto mwenye macho makubwa, asiye na jina, asiye na wazazi, asiye na kijiji? Mtoto huyo anao wazazi na kijiji, lakini wakionekana katika picha mchango utapungua. Ni kweli vilevile kwamba siku ile ya tarehe 10 Desemba 1948, Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopitishwa mjini Paris kwa kura 48, bila ya kura ya kulipinga na nchi nane zikijizuia kupiga kura, sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya wakoloni na haikuwa na kiti. Issa Shivji alikwisha kuonya mwaka 1989, katika kitabu chake kuhusu dhana ya haki za binadamu katika Afrika, kwamba lugha hii ilikuwa imegeuzwa kuwa chombo cha itikadi ya mabeberu, na akataka ijengwe upya juu ya haki ya watu kujitawala na haki yao ya kujipanga. Mutua anatembea katika njia ambayo Shivji aliifyeka, ingawa Shivji anamwona mfanyakazi na mkulima pale ambapo Mutua anaona zaidi utamaduni. Kwa maoni yangu jicho la Shivji ndilo kali zaidi.

Lakini sasa nije kwenye kasoro, nayo ni kubwa. Katika mchezo wa Mutua mdhulumiwa hasemi. Mutua anawalaumu waandishi wa mchezo kwa kumnyima sauti, na lawama hiyo ni ya haki. Ila yeye naye, katika insha nzima, hampi nafasi ya kusema. Anabishana na mwokozi kwa niaba yake. Basi tunaye mwokozi mwingine, msomi zaidi.

Tuchukue mfano ulio karibu na nyumba yetu ya Kilutheri. Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa maoni kwamba kuwapo kwa utawala wa Afrika Kusini katika Namibia ni kinyume cha sheria. Siku tisa baadaye, tarehe 30 Juni, viongozi wawili wa makanisa ya Kilutheri ya nchi ile, Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, walitia sahihi waraka wa wazi kwa Waziri Mkuu Vorster. Msukumo wa waraka ule haukutoka Geneva. Ulitoka kwa wanafunzi wa seminari ya Paulinum, Otjimbingwe, vijana waliokuwa wakijiandaa kwa uchungaji kama ninyi mnaosoma kurasa hizi. Waraka ulitaja mambo kwa majina yake: watu hawana uhuru wa kwenda watakako katika nchi yao wenyewe, hawathubutu kusema wanayoyafikiri, hawana kura, na kazi ya mkataba inawatenga waume na wake zao hata nyumba zinavunjika. Na kipimo walichotumia kumpimia Vorster kilikuwa Tangazo lile lile la mwaka 1948.

Hapa ndipo sitiari ya Mutua inapopasuka. Nani ni mshenzi katika hadithi hii? Serikali ya Wazungu iliyojidai kuwa ngome ya ustaarabu wa Kikristo barani Afrika. Nani ni mdhulumiwa? Wale walioandika. Nani ni mwokozi? Hakuna, au, tukipenda, yule aliyehubiriwa siku waraka uliposomwa kwa washarika makanisani. Tena tusisahau kwamba Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa zile nchi nane zilizojizuia kupiga kura mwaka 1948. Aliyekuwamo ukumbini alikataa kuunga mkono. Ambao hawakualikwa wakalichukua tangazo na kulifanya lao. Mtu akisema kwamba Tangazo si la Waafrika kwa kuwa Waafrika hawakuwapo lilipoandikwa, ningemwomba awaeleze hivyo wanafunzi wa Paulinum. Mwezi Agosti Vorster aliwaita viongozi wale mjini Windhoek, nao hawakuyafuta waliyoandika. Miezi michache baadaye wafanyakazi wa mkataba waligoma. Mwaka 1973 mtambo wa uchapaji wa kanisa huko Oniipa ulilipuliwa kwa mabomu.

Mfano wa pili ni wa nchini mwetu. Mwanamke wa Kihaya aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kanuni hiyo ya kimila ni ya ubaguzi, akitegemea Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, pamoja na Tangazo la 1948 na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mutua angeuliza: je, si utamaduni wa Kiafrika uliofanywa mshenzi hapa? Namjibu kwa swali. Utamaduni wa Kihaya ulikuwa wa nani siku ile: wa mpwa, au wa baba aliyeandika wosia na binti aliyeupokea? Wote watatu ni Wahaya. Kosa la kuusema utamaduni kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kinywa kimoja linafanywa na mwokozi wa Magharibi, lakini mhakiki wake naye halikwepi daima. Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kinasimulia binti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa na wakuu wote kudai urithi wa baba yao. Hawakudai wakiwa nje ya Israeli. Walidai kama Waisraeli, na torati ikaongezewa sheria.

Naongeza jambo dogo la lugha, ambalo wahakiki wanaoandika kwa Kiingereza hawana nafasi ya kuliona. Sisi tunasema «haki za binadamu». Binadamu ni mwana wa Adamu. Jina lenyewe linambeba baba mmoja wa watu wote. Na neno haki kwetu linafanya kazi tatu: ndilo analodai mnyonge barazani, ndilo analotakiwa kulitenda hakimu, na ndilo tunalolitumia tunapoungama kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani. Wanafunzi huzichanganya maana hizi katika insha zao, nami huwakata alama. Ni lazima zitofautishwe. Kuhesabiwa haki ni zawadi, na asiyestahili ndiye anayepewa. Haki ya barazani si zawadi ya mtu, na anayeitoa kama sadaka amekwisha kuiharibu. Lakini kwamba zinakaa katika neno moja si jambo la kuonea haya, wala halikuletwa na shirika lolote.

Hatari ya insha ya Mutua haimo sana katika aliyoyaandika. Imo kwa wale wanaoichukua nusu. Mutua mwenyewe ni miongoni mwa waanzilishi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, chombo cha raia kilichozaliwa katika miaka ya Moi, wala hataki haki hizi zitupwe. Anataka zijengwe upya kwa mchango wa tamaduni zote. Watawala huichukua nusu ya kwanza tu. Tazama Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha. Imeundwa na Waafrika kwa itifaki ya mwaka 1998, majaji wake wote ni Waafrika, na sheria yake ni Mkataba wa Afrika. Humo hamna nafasi ya mwokozi kutoka Magharibi. Tanzania iliridhia mwaka 2010 kwamba raia na mashirika waweze kuifikia moja kwa moja. Wengi wa waliotumia mlango huo walikuwa wafungwa wa magereza yetu. Mwaka 2013 Mahakama iliamua, katika shauri ambalo Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa mmoja wa walalamikaji, kwamba kumkataza mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba; chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zikafanyika bila ya mgombea binafsi. Novemba 2019 nchi yetu ilitoa taarifa ya kuufunga ule mlango. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Benin na Kodivaa zikafuata mwaka 2020. Hoja ya ugeni haiwezi kusimama hapa, na hata hivyo mlango ulifungwa.

Upande wa pili nao umejitikisa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na katikati ya mwaka huo shirika lake la misaada likafungwa. Miongoni mwa waliopoteza fedha ni vikundi vya utetezi vya Afrika. Nimewasikia wenzetu wakifurahi kwamba sasa mwokozi ameondoka. Sioni cha kushangilia. Aliyekuwa akimtembelea mfungwa kwa nauli ya mfadhili hakuacha kuwa jirani yake kwa sababu ya nauli. Ila swali la Mutua limekuwa la kweli kuliko wakati wowote: kama utetezi ulikuwa wetu, mbona hatukuwahi kuutolea sadaka?

Walutheri duniani walipokutana Dar es Salaam Juni 1977, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Shirikisho, walitamka kwamba kukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ungamo la imani. Twalitaja tamko hilo kwa fahari kila tunapopata nafasi. Lilihusu dhambi ya nchi nyingine.

Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu usharikani, tulipokea fedha za kuendesha semina ya siku tatu juu ya haki za wajane. Makabrasha yalikuwa mazuri, posho ililipwa kwa wakati, nami nilifundisha somo la kwanza, juu ya mjane na kadhi dhalimu katika Luka 18. Siku ya pili mjane mmoja wa mtaa wa jirani, aliyefukuzwa shambani na shemeji zake, alifika mlangoni akitaka kusema. Hakuwa katika orodha ya washiriki. Tulimwomba arudi Alhamisi, siku ya baraza la wazee. Alirudi, akiwa ameyaandika maneno yake mwenyewe kwa penseli katika karatasi ya daftari. Katika ajenda tuliyokuwa tumeichapa jambo lake lilikuwa la tano, baada ya bati za nyumba ya mwinjilisti, na shemeji yake mmoja alikuwa mzee wa kanisa, ameketi pale mezani.