Nani Alimlisha Paka?

Kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa, tarehe 19 Juni 2025, aliyetaka kutoka Kigongo kwenda Busisi alisubiri feri. Magari yalipanga foleni, wachuuzi wakipita na karanga na mayai ya kuchemsha. Feri ikifika ilishusha mlango wake wa mbele, ikawatema waliotoka upande wa Sengerema, kisha ikatumeza sisi. Ndivyo tulivyosema, bila kufikiri sana. Na siku ajali ilipotokea mahali fulani ziwani, kitenzi kilibaki kile kile, ila mtendaji alibadilika: ziwa limemeza watu.

Nataka kukifuata kitenzi hicho, kwa sababu ni cha zamani kuliko feri yoyote. Kwa Wasukuma kuna zimwi liitwalo Shing'weng'we. Lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza watu wengine wako wapi, akaambiwa. Kuanzia hapo hadithi inakwenda kwa kurudiarudia. Anaua panzi, anampelekea mama yake kwa shangwe akidhani ndiye Shing'weng'we. Mama anamwambia siye. Anaua ndege. Siye. Anaua swala. Siye. Mwishowe anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai.

Wataalamu wa fasihi simulizi huiita motifu ya kumezwa. Katika faharasa kubwa ya motifu iliyotungwa na Stith Thompson, waliookolewa kutoka tumboni mwa mmezaji wamepewa namba yao, F913. Alice Werner aliitengea sura katika kitabu chake cha 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Hata asiyejua Kisukuma anamjua Yona, au Nabii Yunus, ndani ya samaki. Kwa hiyo ni rahisi kusema hadithi hizi zote ni moja, na maana yake ni moja: giza, kisha mwanga, kifo, kisha uzima. Tulipokuwa shuleni tulijibu mitihani kwa namna hiyo. Maji ni uhai, safari ni mabadiliko, tumbo ni kaburi.

Tatizo la kusoma hivyo ni kwamba tunahesabu kinachorudi na kusahau kuangalia kimerudi mahali gani, na kimerudi na nani.

Tuchukue hadithi ya pwani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha ngano alizokusanya Zanzibar, na mojawapo ni ya Sultani Majnun na paka wake. Paka anakula ndama. Watu wanamshtakia Sultani, naye anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Anakula ng'ombe, anaanza kula watu, na bado Sultani hamwoni adui. Siku anapokula watoto wa Sultani mwenyewe, ndipo baba anatamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Mtoto mdogo anaondoka kumsaka. Kila mnyama anayemuua anamleta nyumbani, na kila mara mama anamwambia siye.

Kiitikio cha mama ni kile kile cha Usukumani. Pwani, hata hivyo, kimetanguliwa na kiitikio cha baba, na viwili hivyo vinatazamana kama mtu na kioo. Baba anakana nunda aliye mbele ya macho yake. Mama anakana wanyama ambao kweli si nunda. Kwa maneno yanayokaribia kufanana, mmoja anaficha hatari na mwingine anaipima. Ukiisoma ngano hii kwa namba ya faharasa utapata mnyama mla watu na kijana shujaa. Ukisikiliza mpangilio wa marudio utapata swali ambalo hadithi ya Shing'weng'we haiulizi kabisa. Shing'weng'we alitokea tu. Nunda alifugwa. Nani alimlisha?

Lakini ya Usukumani nayo ina jambo lake, na mara nyingi nimeisikia ikisimuliwa bila jambo hilo. Masala Kulangwa anapopasua tumbo, kisu chake kinamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi anatoka hai lakini ana hasira, na anataka kumdhuru aliyemwokoa. Inabidi shujaa atafute dawa ya kumponya. Msimuliaji mwenye haraka hulikata tukio hilo ili watu watoke, waimbe, na kijana atawazwe. Bila sikio la bibi, hadithi inamsifu shujaa tu. Likiwemo, inakumbusha kwamba hata mkono unaookoa hushika kisu, na kwamba deni la uokoaji hulipwa baada ya shangwe. Kule Lesotho, ambako Senkatana naye huwatoa watu tumboni mwa zimwi, waliookolewa humgeuka wakamuua, S.M. Mofokeng aliiandikia tamthilia mwaka 1952. Tumbo ni lile lile, ila huko deni halikulipika.

Naandika haya nikikumbuka tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ikabaki ikielea kifudifudi na watu wakiwa hai ndani yake. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka kwa tundu lile, na meli ikazama. Mamia walikufa. Hiyo si ngano, na sitaki kuifanya pambo la makala. Ninachosema ni kwamba kila aliyelelewa na Masala Kulangwa alijua, bila kufundishwa, kwamba tumbo likipasuliwa watu hutoka. Siku hiyo motifu ilirudi ziwani, na mwisho wake haukutimia.

Septemba 2018 MV Nyerere nayo ilipinduka karibu na Ukara, nayo ikiwa imezidisha abiria. Zaidi ya watu 200 walikufa. Siku mbili baadaye mtu mmoja, fundi wa mitambo, alitolewa hai ndani yake. Habari hiyo ilienea upesi, na naelewa kwa nini: ilikuwa sehemu ya hadithi ambayo tayari tulikuwa tunaijua na tulikuwa tunaisubiri.

Hapo ndipo ninapoogopa kitenzi chetu. Tunaposema ziwa limemeza, tunasimulia Shing'weng'we: janga lisilo na mfugaji, linalosubiri shujaa mwenye kisu. Lakini abiria wa ziada walikatiwa tiketi. Mtu aliwahesabu, au aliacha kuwahesabu. Ngano inayofaa hapo ni ya Sultani, yenye ndiyo nyingi ndogo ndogo kabla ya mtoto wa mwisho kuliwa. Motifu tunayoichagua kusimulia msiba ndiyo inayoamua tutamuuliza nani.

Sasa Kigongo kuna daraja la takriban kilomita 3, na ghuba inavukwa kwa dakika chache. Mtoto wa Sengerema anayezaliwa leo huenda asimezwe na feri hapa hata siku moja. Tumbo lile atakutana nalo kwanza kwenye hadithi. Wa Ukerewe na Ukara wao bado wanapanda vyombo vya maji. Atakayewasimulia asiliache sikio la bibi, na akimaliza awape pia ile ya paka.