Sinia Moja, Mikono Mitano

Wanafunzi wangu watano waliandika insha moja kuhusu soko kwenye Google Docs. Ilitoka safi, nikawapa alama sawa. Baadaye nikafungua historia ya matoleo. Binti mmoja aliandika kuhusu bibi yake muuza mchicha, anayezitambua noti kwa kuzipapasa. Mwenzake akaifuta sentensi hiyo. Akairudisha, ikafutwa tena. Hakuandika kingine.

Tunausifu ukurasa wa pamoja kama sinia moja la pilau, kila mkono unafika. Lakini mwenye bando na vidole vyepesi hushiba kwanza. Hata hivyo, daftari la karatasi lisingenionyesha ufutaji ule. Chombo kilitunza ushahidi. Mimi ndiye niliyetoa alama kabla ya kuusoma. Sentensi bora kuliko zote haikuwemo kwenye insha.