Neno la Mke na Picha ya Mume

Mtoto wa Mwanza aanzapo kuhesabu, huhesabu vitu vilivyo mbele ya macho yake: mawe, ambayo mji wake hauna uhaba nayo, mitumbwi irudiyo Kirumba alfajiri, mafungu ya dagaa juu ya mkeka. Hasemi "mbili" akanyamaza. Husema mawe mawili, mitumbwi miwili, samaki wawili. Na akikosea, mkubwa aliye karibu humsahihisha. Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu nakusudia kuvipima vitabu viwili vya picha vilivyotungwa na mume na mke, Wamarekani weusi, juu ya maneno ya Kiswahili. Nami naona kwamba upungufu wa vitabu hivyo, na sifa yao pia, vimo katika jambo hili.

Vitabu vyenyewe ni Moja Means One, kilichotoka New York mwaka 1971, na Jambo Means Hello, kilichotoka mwaka 1974. Cha kwanza ni cha kuhesabu, toka moja hata kumi. Cha pili ni cha alfabeti, nacho kina herufi 24, kwa kuwa Q na X hazina kazi katika Kiswahili. Maneno ni ya mke, Muriel Feelings; picha ni za mume, Tom Feelings. Maelezo yameandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kimewekwa neno moja moja, mfano wa shanga juu ya kitambaa cha kigeni.

Bibi Muriel alizaliwa Philadelphia mwaka 1938, na katika miaka ya 1960 alikuwa mwalimu wa sanaa Kampala. Bwana Tom alizaliwa Brooklyn mwaka 1933. Tangu 1964 hata 1966 alikuwa Ghana, akichora katika jarida la serikali ya Nkrumah. Basi kila mmoja aliiona Afrika peke yake, mke upande wa mashariki na mume upande wa magharibi, kabla ya kuoana mwishoni mwa miaka hiyo. Mwaka 1970 walitoa pamoja Zamani Goes to Market, kisa cha mtoto aendaye sokoni na baba yake. Mwaka 1971 walihamia Guyana. Vitabu vyao viwili vikatunukiwa heshima ya Caldecott, mwaka 1972 na mwaka 1975, na Tom akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Lakini ndoa ilikwisha kuvunjika mwaka 1974, mwaka uleule wa kitabu cha alfabeti. Tom alifariki mwaka 2003, na Muriel mwaka 2011. Sitaichungulia nyumba yao zaidi ya hapo. Ndoa inipasayo kuihukumu ni ile ya neno na picha, nayo ingali hai katika kurasa.

Kampala na Mwanza zimekalia ziwa moja, hiyo kaskazini na hii kusini. Siku zile Bibi Muriel alipokuwa akifundisha, meli ya Victoria ilikuwa ikichukua abiria baina ya Mwanza, Bukoba, Kisumu na Port Bell. Pande zote hizo Kiswahili kilikuwa mgeni. Kampala ilisema Kiganda. Mwanza ilisema Kisukuma, na Ukerewe, ng'ambo ya maji, Kikerewe. Kwetu Kiswahili kilikuja na misafara ya biashara, kisha kikakaa shuleni, hata baada ya mwaka 1967 kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania. Kwa hiyo mtoto wa ziwa na mtoto wa Brooklyn wanafanana kwa jambo moja: aghalabu wote wawili wamejifunza Kiswahili baada ya lugha nyingine. Lakini wa kwanza anayo lugha ya bibi yake chini ya hicho Kiswahili. Wa pili lugha ya bibi zake ilikatwa baharini. Bibi Muriel alimwandikia huyu wa pili, na haki inatutaka tukumbuke hivyo kabla ya kumhukumu.

Sasa niyataje makosa. Kitabu cha kuhesabu chaanza na Mlima Kilimanjaro, na neno ni moja. Mswahili mbele ya mlima ule atasema mlima mmoja. Kweli, kila mwalimu wa darasa la kwanza huimbisha moja, mbili, tatu. Lakini haachi hapo, maana hesabu ya Kiswahili haikamiliki mpaka namba imekubaliana na kitu chake. Namba ya Kiswahili ni mfano wa mtu mwenye adabu: haingii nyumbani kwa watu ila kwanza imeshika desturi ya nyumba hiyo. Kitabu hakimwambii mtoto habari hiyo. Tena, ukurasa wa mbili una mchezo tuuitao bao, na Wasukuma isolo, lakini kitabu kimeuita mankala, jina la Kiarabu wanalolitumia wataalamu. Na jambo, lililopewa cheo cha jina la kitabu, si salamu kamili. Salamu ni hujambo, na jibu ni sijambo. Mtu anayeamkiwa yumo ndani ya neno. Ukimwondoa, limebaki neno la kumsabahi mtalii bandarini.

Yako na mengine yasiyo makosa, ila yastahili kufikiriwa. Sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu yaliyokuja na biashara ya bahari. Kiswahili cha kale kilikuwa na namba zake: kenda ndiyo tisa, na fungate, ambayo leo ni siku za maarusi baada ya harusi, asili yake ni saba. Msukuma hata leo akifika saba husema mpungati, na akifika tisa husema kenda. Basi mtoto aliyetafutiwa Afrika ya kabla ya minyororo amepewa hesabu yenye alama za bahari na za biashara ndani yake, na katika biashara hiyo watu nao waliuzwa. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Wamarekani weusi wengi asili yao ni Afrika ya magharibi, nao walikichagua Kiswahili kwa hiari, kama Maulana Karenga alivyokichagua mwaka 1966 alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa, kwa sababu si mali ya kabila moja. Lugha iliyochaguliwa ni lugha kweli. Nyerere aliichagua kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

Nikiishia hapa, nitakuwa nimekihukumu kitabu kwa nusu yake, nayo ni nusu ya mke peke yake. Itazame nusu ya mume. Rangi ni chache na zimetulia, za kijivu na kahawia, kana kwamba picha imechorwa kwa moshi na udongo. Hakuna mzaha katika nyuso hizo. Mchoraji huyu mwaka 1968 alikuwa amekichorea picha To Be a Slave, kitabu cha Julius Lester juu ya maisha ya watumwa. Alijua mtu mweusi amechorwaje katika vitabu vya Kizungu, midomo imetiwa chumvi na macho yametolewa. Yeye akachora watu walio pamoja: mama na mtoto, wazee na vijana, wauzaji na wanunuzi. Ule upatanisho ambao neno limeukosa, picha imeurudisha. Neno limesimama peke yake, lakini mtu katika picha hasimami peke yake. Na katika alfabeti, herufi H imepewa heshima. Mgeni angaliweza kuchagua neno jepesi, la mnyama au la tunda. Bibi Muriel alichagua neno ambalo mtoto wa Kiafrika hufundishwa kwa vitendo kabla ya kulitamka. Hapo mke na mume wamekutana, na kazi imetimia.

Je, kitabu hiki chafaa kutiwa mkononi mwa mtoto wa Mwanza? Nasema chafaa, kwa sharti kwamba kisiwe peke yake. Chafaa kwa kuwa kitamwonyesha kwamba uso mfano wa uso wake, na neno alitamkalo kila siku, vilipewa sanaa ya daraja la juu katika nchi ya mbali. Lakini hakitamwonyesha Kirumba, wala Jiwe la Bismarck, wala nyavu zianikwazo, wala hakitamfundisha kusema mitumbwi miwili. Kazi hiyo haikuwa juu ya mwalimu aliyetoka Philadelphia. Ilikuwa juu yetu, nasi tumeifanya kwa uvivu. Hata Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa nchini mwaka 1991, ilikuwa imepita miaka 20 tangu kitabu cha kuhesabu cha wageni hawa.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, akahesabu hata kumi kwa lugha yetu, akakosea kidogo, akachora kwa mapenzi makubwa. Mwenyeji atapona siku ile atakapoona haya kwamba watoto wake wanahesabiwa vitu na wengine, naye akatwaa kalamu ya kuandika, na mwenziwe kalamu ya kuchora, wakaketi juu ya mawe ya Mwanza wakaanza: jiwe moja, mawe mawili, mawe matatu.