Paneli Ilikuwa Kazi ya Mwisho

Land Cruiser yetu ya mwaka 1993, aina ya HZJ75, iliingia gereji moja ya Arusha ikiwa tayari na paneli ya sola juu ya keria, friji nyuma, na taa nne kubwa mbele ya grili. Aliyekuwa nayo kabla yetu alitumia fedha nyingi kwa vitu vinavyoonekana. Lakini kila ilipopanda mlima wa Manyara, kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu, injini ilichemsha, na usiku friji ilijizima yenyewe, nyama ikaharibika. Mimi na ndugu yangu tuliinunua ikiwa na kilomita 298,000. Kazi ya kwanza tuliyompa fundi ilikuwa kuvua kila kilichoongezwa.

Chini ya boneti mna injini ya 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuitumia mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari, ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo wala kompyuta. Dizeli hupulizwa kwanza kwenye kichumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi, ikaanza kuwaka humo, ndipo moto unaposhuka kwenye pistoni. Nguvu zake ni kama farasi 130 tu, kidogo mno kwa injini ya ukubwa huo, na ndiyo sababu haichoki upesi. Ubaya ni kwamba inavumilia kupita kiasi. Itaendelea kutembea ikiwa mgonjwa kwa miaka, na mwenye gari ataapa kuwa ni nzima.

Kuhusu kuchemsha, fundi mmoja wa awali alikuwa ameshatoa tiba yake: alitoa thamostati akaitupa. Tabia hii imeenea katika gereji zetu na ningependa ikome. Thamostati inaipa injini joto linaloifaa. Bila hiyo, asubuhi ya baridi ya Ngorongoro dizeli haiungui vizuri na oili inachafuka mapema. Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kifaa kilichoondolewa ili gari lisichemshe kinaweza kuwa ndicho kilichokuwa kikisaidia lisichemshe.

Sababu zenyewe zilipatikana baada ya kuvua. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu, kwa kuwa gari lilikuwa likijazwa maji matupu ya bomba miaka nenda rudi. Klachi ya feni ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukizima injini ikiwa ya moto, feni ilizunguka kwa kusukumwa na kidole tu. Na zile taa nne za mapambo zilikaa palepale upepo unapopaswa kuingia. Rejeta ilifunguliwa juu na chini, vijibomba vikapitishwa waya kimoja kimoja, ikarudishwa na mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji. Thamostati mpya ikafungwa. Taa mbili zikahamishiwa pembeni, mbili zikauzwa.

Mkanda wa taiming ulibadilishwa siku hiyohiyo, kwa sababu hakuna aliyejua uliwekwa lini. Sisi tunahesabu kilomita 100,000 kwa kila mkanda, hatungoji zaidi. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu hukutana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Nozo zote sita zilipelekwa kupimwa, nne zikakutwa zinadondosha badala ya kupuliza; zilipobadilishwa, moshi mweusi ukaisha bila kugusa pampu. Chujio la dizeli lenye kikombe cha kukusanya maji tunalifungua chini kila baada ya safari, maana madumu ya vijijini hayana uhakika.

Kisha likaja suala la tabo. Fundi alinishauri kwa nia njema kabisa.

"Kaka, tukiweka tabo hapa, mlima wa Manyara utaupanda kwa gia ya nne."

Nilimkubalia kwamba litapanda. Swali langu lilikuwa joto litakwenda wapi. Pistoni na hedi ya 1HZ vilitengenezwa kwa injini inayovuta hewa yenyewe, na ule ukuta mwembamba unaozunguka vile vichumba vya moto ndipo nyufa huanzia injini ikisukumiwa hewa na dizeli kupita kiasi. Wapo wanaofunga tabo kwenye 1HZ na kudumu nayo: wanaweka presha ndogo, wanafunga geji ya kupima joto la moshi, na wanaitazama. Dereva anayeweza kuitazama geji hiyo saa nzima mlimani ndiye anayefaa kuwa na tabo. Gari letu litaendeshwa na watu wanne tofauti. Tulikataa, na naamini huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika gerejini pale.

Springi sikuzifikiria sana. HZJ75 ina springi za pati mbele na nyuma; nyuma tuliongeza pati moja, bushi zote zikawekwa mpya, shokapu pia. Barabara ya kwenda Engaresero, kando ya Ziwa Natron, ina mawimbi yanayolegeza hata nati zilizokazwa jana, kwa hiyo tukifika kwenye vumbi tunapunguza upepo wa tairi. Kwenye uzito ndipo tulipobishana. Lita 100 za maji ni kilo 100, na zilikuwa zimewekwa juu ya keria. Tulizishusha sakafuni, katikati ya ekseli mbili. Gari lililokuwa likiyumba kwenye kona likatulia bila kununua chochote.

Sasa sola. Friji ilikuwa inajizima kwa sababu ya waya, wala haikuwa na ubovu. Ilikuwa imeungwa kwenye betri ya kuwashia kwa waya wa milimita za mraba 1.5, mita tano kwenda na tano kurudi, maungio yamesokotwa na kuvikwa tepu, fyuzi hakuna. Friji ya lita 50 ikiwa inafanya kazi huvuta kama ampea 4. Kwenye waya huo, karibu nusu volti inapotea njiani, bila kuhesabu yale maungio. Betri ikishuka usiku hadi volti 12.2, friji inaona 11.7 au chini yake, inadhani betri imekwisha na kujizima. Tulipoweka waya wa milimita za mraba 6, upotevu ulishuka hadi zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya volti. Ubovu uliomsumbua mwenye gari wa awali miaka miwili uliondoka kwa waya.

Ndipo tukapiga hesabu kabla ya kununua. Kwenye joto la Natron friji hufanya kazi kama nusu ya siku: saa 12 kwa ampea 4 ni ampea-saa 48. Taa na simu zinaongeza kama 10. Jumla 58, ambazo ni kama wati-saa 740 kwa siku. Paneli ya wati 200 haitoi wati 200 juu ya gari. Imelala, ina vumbi, na ikipata moto hadi nyuzi 65 inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Nikaihesabia wati 150 kwa saa tano za jua zuri: wati-saa 750. Inatosha kwa shida, na ni siku ya jua tu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua vifaa vingine vyote. Betri ya pili ni ya lithiamu ya ampea-saa 100, yenye uzito kama kilo 12, ambayo tunaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake bila kuiua. Ya risasi ya ukubwa huo ingekuwa karibu kilo 30, na nusu tu ya chaji ndiyo ingekuwa salama kutumika. Iko nyuma ya kiti cha dereva, mbali na joto la injini. Kati yake na altaneta kuna chaja maalumu ya ampea 20, kwa sababu betri ya lithiamu iliyoungwa moja kwa moja huvuta mkondo mkubwa kiasi kwamba altaneta kuukuu inaweza kuungua. Siku ya mawingu, saa tatu za kuendesha zinarudisha kama ampea-saa 60, yaani matumizi ya siku nzima. Kontrola ya sola ni ya aina ya MPPT, inayobadilisha volti ya ziada ya paneli kuwa ampea badala ya kuipoteza. Paneli yenyewe imeinuliwa sentimita tatu juu ya keria ili upepo upite chini yake. Kila waya unaotoka kwenye betri una fyuzi karibu na betri, kabla haujagusa bodi, kwa sababu waya ukichunika juu ya chuma ni fyuzi hiyo inayozuia moto.

Paneli ilifungwa siku ya mwisho, kwa muda wa saa mbili. Mwezi uliofuata tulipanda mlima wa Manyara mchana, tukiwa watu watano na mizigo, na mshale wa joto haukuvuka katikati. Tulilala siku nne Engaresero. Asubuhi ya mwisho maziwa yalikuwa baridi. Gari sasa limefika kilomita 331,000. Mkanda unaofuata ni wa 398,000, na namba hiyo imeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, chini yake tarehe ya kubadilisha kulanti, na chini zaidi mchoro wa fyuzi zote 11.