Nani Anayesumbua? Lugha ya Imani Wakati wa Mashaka katika Tafsiri Mbili za Biblia ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati ambao Mkristo msomaji wa Kiswahili hupewa ili aikabili hali ya kutokuwa na hakika katika siasa na uchumi. Data imetoka katika tafsiri mbili zinazotumika sana makanisani: Union Version ya mwaka 1952 na Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba tafsiri ya kwanza, kwa umbo la vitenzi vyake, humwachia msomaji nafasi ya kuuliza ni nani anayemsumbua, ilhali ya pili mara nyingi huyahamishia mashaka ndani ya moyo wake. Hata hivyo, makala yanaonesha kuwa mwelekeo huo una vighairi muhimu, na kwamba kosa kubwa zaidi limo katika namna tunavyoikata matini tunapoihubiri.

1.0 Utangulizi

Neno mashaka katika Kiswahili hubeba maana mbili zisizotengana kwa urahisi. Ni wingi wa shaka, yaani kutokuwa na hakika. Pia ni taabu na dhiki. Anayesema kuwa yumo mashakani huenda hajui kesho itakuwaje, au amekwisha kufikwa na baya lenyewe. Lugha imeyaweka mambo hayo pamoja kwa sababu katika maisha ya wasemaji wake mara nyingi huja pamoja.

Kizazi cha mwandishi wa makala haya kilijifunza maana zote mbili katika foleni. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 hadi 1979, Tanzania iliingia katika uhaba mkubwa wa bidhaa uliodumu hadi baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Sabuni, sukari na unga vilingojwa kwa saa nyingi mbele ya duka la kijiji. Jumapili moja, katika kigango chetu, katekista alisoma sehemu ya sura ya sita ya Injili ya Mathayo inayowakataza wanafunzi wa Yesu kusumbukia chakula na mavazi. Baada ya ibada mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwuliza, “Mwalimu, sisi tumeambiwa tusisumbuke. Huyo anayetusumbua ameambiwa nini?” Katekista alisema, “Mama, tuombe.” Wakaomba.

Swali lile halikuwa la ukaidi. Lilikuwa swali la kisarufi, na mama yule alilisikia katika kitenzi chenyewe. Makala haya yanajaribu kulijibu.

2.0 Kusumbuka na Kuwa na Wasiwasi

Union Version iliunganisha kazi za awali zilizofanywa kwa lahaja ya Unguja na ya Mombasa. Katika Mathayo 6:25 watafsiri wake walichagua kitenzi -sumbukia, chenye mzizi -sumbu-. Kutokana na mzizi huo tunapata jozi -sumbua na -sumbuka, kama tunavyopata -vunja na -vunjika kutokana na -vunj-. Anayesumbuka anapatwa na hali, lakini kitenzi ndugu, -sumbua, kinasimama karibu kikidai mtenda. Kuvunjika kwa mtungi hutufanya tutazame ni nani aliyeuvunja. Vivyo hivyo kusumbuka kwa mtu hutufanya tumtafute msumbuaji. Kauli ya kutendea inaongeza jambo la pili: inaonesha kile ambacho kwa ajili yake mtu anahangaika, yaani chakula, kinywaji na vazi. Aidha, kusumbuka ni kwa mwili kama kulivyo kwa moyo. Aliyekwenda sokoni mara tatu akarudi mikono mitupu amesumbuka, hata kama moyo wake umetulia.

Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa madhehebu na kwa shabaha ya Kiswahili chepesi cha sasa, inatumia mahali hapo kuwa na wasiwasi. Wasiwasi ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ya kwanza ni mnong’ono, na katika mafundisho ya Kiislamu ni mnong’ono wa Shetani kifuani mwa mtu. Katika Kiswahili cha leo limekuwa jina la hofu isiyotulia. Kimuundo, kuwa na wasiwasi ni sawa na kuwa na homa: ni kitu alichonacho mtu. Hakuna kitenzi ndugu kinachodai mtenda. Mwenye homa hutafutiwa dawa. Mwenye wasiwasi hutafutiwa faraja. Swali la mama wa kigangoni haliwezi kuulizwa kwa wepesi uleule katika tafsiri hii, kwa kuwa sarufi imekwisha kulifunga.

Mfano wa pili unaithibitisha tofauti hiyo. Katika fumbo la mpanzi, Mathayo 13:22, miiba inayolisonga neno inaelezwa na Union Version kwa nomino shughuli, na Biblia Habari Njema inarudia wasiwasi. Nomino zote mbili zinafasiri neno moja la Kiyunani, merimna. Shughuli zipo nje: zina saa, mahali na watu. Wasiwasi umo ndani. Msomaji wa tafsiri ya zamani anaonywa juu ya mpango wa maisha yake. Msomaji wa tafsiri mpya anaonywa juu ya hali ya nafsi yake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba tunawagawa watafsiri kuwa wema na wabaya. Katika Wafilipi 4:6 Union Version yenyewe inatumia -jisumbua. Kiambishi cha kujirejelea -ji- kinamfanya msumbuaji na msumbuliwa kuwa mtu mmoja, na hivyo mzigo wote unamwangukia muumini. Kwa upande mwingine, katika 1 Petro 5:7, Union Version inataja fadhaa, ambayo ni ya moyoni, ilhali Biblia Habari Njema inataja matatizo, ambayo ni ya ulimwenguni. Kwa hiyo, tunachokiona ni mwelekeo wala si kanuni, na mhakiki anayetaka kulaumu tafsiri moja kwa unyamavu wa kanisa atakuwa amekimbilia jibu jepesi.

3.0 Kungoja na Kutumainia

Upande wa pili wa msamiati huu ni ule wa matarajio. Katika Isaya 40:31 nabii anawasemesha watu waliopoteza nchi, hekalu na mfalme. Union Version inatumia -ngoja; Biblia Habari Njema inatumia -tumainia. Kitenzi cha Kiebrania kinachofasiriwa kinabeba maana zote mbili, na kila tafsiri imelazimika kuacha nusu.

Hapa tafsiri mpya inaonekana kuwa na nguvu zaidi. Kungoja, kwa msemaji aliyekulia katika foleni, ni tendo la asiye na uwezo: hajui gari la unga litafika lini, na hana wa kumwuliza. Methali zetu za subira nazo zinaweza kugeuzwa kuwa nidhamu ya foleni. Yule asemaye kuwa subira huvuta heri huenda ni mzee anayemfariji mjukuu wake, au ni mkubwa anayetaka asiulizwe. Kutumaini kunamwondolea muumini unyonge huo, kwa sababu mtu anaweza kutumaini huku anatenda.

Lakini kungoja kuna jambo ambalo kutumaini kumelipoteza. Anayengoja anakiri kwamba kinachongojwa hakijafika. Foleni ni ushahidi wa hadharani kwamba duka ni tupu. Kutumaini kunaweza kufanyika kimya na kwa faragha, bila mtu mwingine kujua kwamba kuna upungufu. Ndiyo maana mahubiri yetu mengi ya mafanikio hupenda tumaini na hayapendi kungoja: tumaini linaweza kutangazwa kana kwamba limekwisha kutimia. Imani isiyothubutu kusema kuwa bado hatujapata itajikuta inakataa kuyaona mashaka yenyewe.

4.0 Amani na Ustawi: Waraka kwa Waliohamishwa

Matini ambayo inayakabili mashaka ya siasa na uchumi waziwazi zaidi ni sura ya 29 ya Yeremia. Kiutanzu ni waraka, ulioandikwa Yerusalemu na kupelekwa kwa mateka walioko Babeli. Ili kuuhakiki vyema yafaa usomwe pamoja na sura iliyotangulia, ambamo Hanania anawaahidi watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika miaka miwili. Yeremia anaandika miaka 70. Kati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya imani mbili. Ahadi ya Hanania inamfanya msikilizaji asipande kitu, kwa kuwa ataondoka kesho kutwa. Hesabu ya Yeremia inamwambia kuwa yeye mwenyewe huenda asiyaone marejeo. Kwa hiyo ajenge nyumba, alime bustani na aoze watoto.

Katika aya ya saba neno la Kiebrania shalom linafasiriwa na Union Version kuwa amani, na kitenzi kinachotangulia ni -takia. Biblia Habari Njema inatumia ustawi, na kitenzi ni -shughulikia. Hapa mwelekeo tuliouona katika sehemu ya pili unageuka kabisa. Kuutakia mji amani kunaweza kuishia midomoni, kama tunavyotakiana heri za sikukuu. Kuushughulikia ustawi wake kunadai mikono, na ustawi unahusu mavuno, bei na ada za shule. Jambo la kuvutia ni kwamba mzizi uleule wa shughuli, ambao katika fumbo la mpanzi ulikuwa mwiba, hapa umekuwa amri. Kwa hiyo Biblia ya Kiswahili, tukizisoma tafsiri zake kwa pamoja, haikatazi shughuli. Inauliza ni shughuli za nani na kwa faida ya nani.

5.0 Waraka wa Kichungaji kama Utanzu

Utanzu wa waraka haukufa na Yeremia. Tanzania ilishuhudia nguvu yake kwa namna mbili zilizofuatana kwa karibu mwaka 2018: mwezi Februari Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa ujumbe wa Kwaresima uliogusa kuzuiwa kwa shughuli za kisiasa, na mwezi Machi maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri walitoa waraka wa Pasaka wenye jina Taifa Letu Amani Yetu. Muktadha unafahamika. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu mwaka 2016, na mchakato wa Katiba ulikuwa umekwama tangu kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ilipoahirishwa. Waraka wa Kilutheri ulieleza hofu juu ya mauaji na utekaji, na ukaikumbusha nchi haja ya Katiba mpya. Mjadala ulioufuata ulikuwa mkubwa.

Kwa mhakiki wa lugha, thamani ya nyaraka hizo imo katika mambo mawili. Kwanza, zilirudisha mashaka nje ya moyo. Hazikumtaka muumini atulize wasiwasi wake kabla ya kutazama kinachousababisha. Pili, jina la waraka wa Pasaka lililirejesha neno amani katika upana wake wa Kiyeremia. Katika Kiswahili cha siasa, amani imezoea kumaanisha utulivu, na anayelalamika huambiwa kuwa anaivuruga. Katika waraka ule, amani iliwekwa karibu na haki na Katiba, yaani ilikuwa kitu cha kushughulikiwa.

Upungufu nao upo. Lugha ya nyaraka za namna hii hupenda nomino zinazotokana na vitenzi. Kuteka kuna mtekaji, utekaji hauna. Nomino humwezesha mwandishi kulitaja tendo bila kumtaja mtenda, na katika mazingira ya hatari hilo ni busara inayoeleweka. Lakini gharama yake ni kwamba swali la mama wa kigangoni linajibiwa nusu. Anaambiwa kuwa usumbufu upo. Msumbuaji bado hana jina.

6.0 Hitimisho

Turudi basi katika Mathayo 6. Sehemu iliyosomwa kigangoni ilianzia aya ya 25, na ndivyo isomwavyo mahali pengi. Lakini aya hiyo, katika tafsiri zote mbili, inaanza kwa maneno yanayoifunga na aya ya 24, ambako Yesu anasema juu ya kuwatumikia mabwana wawili, Mungu na mali. Katazo la kusumbuka ni tokeo. Sababu yake imo katika aya iliyoachwa. Aliyeulizwa pale kigangoni angeweza kurudi aya moja nyuma na kujibu: msumbuaji ameambiwa, mama, na ameambiwa kabla yako. Ameambiwa kuwa mali ni bwana, na kwamba anayemtumikia bwana huyo hawezi kumtumikia Mungu. Wewe huambiwi kuwa njaa yako ni dhambi. Unaambiwa usimpe bwana huyo na moyo wako pia.

Jibu hilo halikuhitaji tafsiri mpya wala ya zamani. Lilihitaji matini isikatwe. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuziachia Biblia na mahubiri kwa wanateolojia, ilhali ndizo matini za Kiswahili sanifu zinazosikilizwa na watu wengi zaidi kila juma, na hasa wakati bei zinapopanda na uchaguzi unapokaribia. Kazi yetu ni ya kawaida: kuonesha kitenzi kina mtenda gani, kiunganishi kinaunganisha nini, na nomino inaficha nani. Mama yule aliifanya kazi hiyo akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Inatupasa sisi tuliosomea tuifanye kwa uaminifu usiopungua wake.