Misemo ya Kiingereza kwa Kiebrania: Neno na Mahali Pake

Orodha za misemo ziwekazo Kiingereza upande mmoja na Kiebrania upande wa pili humfaa msafiri, lakini zimejengwa juu ya dhana potovu kwamba kila msemo una mwenziwe mmoja tu.

Mathalan, mwenye kufasiri "good luck" neno kwa neno atapata "mazal tov". Maneno yenyewe hayana kosa: asili ya "mazal" ni nyota, nayo "tov" ni njema, wala Mswahili asemaye kwamba fulani ana nyota njema hatashangaa. Hata hivyo, "mazal tov" ni hongera, na husemwa jambo likiisha kutimia. Mtahiniwa aingiapo katika mtihani huambiwa "behatslakha", yaani kwa mafanikio. Mfasiri wa maneno matupu humpongeza mtu kwa ushindi ambao hajaupata.

"How are you" huzua tatizo jingine. Mwanamume mmoja huulizwa "ma shlomkha", mwanamke "ma shlomekh". Kiingereza, sawa na "hujambo" ya Kiswahili, hakibagui. Kwa hiyo mfasiri asiyejulishwa anayesemeshwa ni nani hana budi kubahatisha, na akikosea humwita mwanamke mwanamume.

Ni dhahiri basi kwamba kasoro haitokani na upungufu wa msamiati. Orodha ifaayo ingeeleza kando ya kila msemo nani husema, humwambia nani, na wakati gani. Pasipo hayo matatu pana maneno tu, tafsiri haipo.